Kulinganisha Vitu kwa Kiingereza: Jambo Dogo Liletalo Hasara Kubwa

Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, naomba nafasi niwaelezeni jambo moja la Kiingereza ambalo wengi wetu hulidharau kwa kuwa laonekana dogo. Jambo lenyewe ni namna ya kulinganisha vitu, yaani kusema kwamba kitu hiki ni kirefu kuliko kile, au kwamba hiki ndicho kirefu kupita vyote. Huenda mkasema, "Hayo tuliyasoma zamani." Kweli tuliyasoma, nami niliyasoma pia. Walakini kusoma ni mbali na kujua, na tofauti hiyo mimi nilifunzwa kwa hasara.

Nilipokuwa Kidato cha Pili tulipewa mtihani wa Fizikia. Swali moja liliandikwa hivi: "Arrange the following metals from the least dense to the densest: lead, aluminium, gold, iron." Siku zile nilikuwa nimehifadhi kwa moyo uzito wa kila metali kwa kila sentimita moja ya ujazo: alumini gramu 2.7, chuma gramu 7.9, risasi gramu 11.3, na dhahabu gramu 19.3. Nilifurahi nilipoliona swali, maana nilijua hakuna litakalonishinda. Lakini neno "least" sikulijua. Nilidhani ni sawa na "last", yaani ya mwisho. Nikasema moyoni kuwa metali ya mwisho kwa uzito ni dhahabu. Basi nikaanza na dhahabu, nikateremka mpaka alumini. Karatasi iliporudi nilikuta sifuri mahali nilipongojea alama nne. Nikaenda kwa Mwalimu kudai haki yangu. Akanisomea swali polepole, kisha akaniambia, "Hesabu zako ni sahihi zote. Fizikia waijua. Usichokijua ni Kiingereza cha swali."

Tangu siku ile nilianza daftari dogo. Kila nionapo sentensi yenye kulinganisha, iwe katika kitabu cha Jiografia, cha Bayolojia au cha hadithi, naiandika humo. Haya nitakayoyasema yametoka katika daftari hilo na katika masahihisho ya walimu wetu.

Kwa nini jambo hili latushinda

Sababu ya kwanza ni kuwa lugha yetu hailinganishi kwa njia ya Kiingereza. Tazameni sentensi hizi: Mlima Meru ni mrefu. Mlima Kenya ni mrefu kuliko Meru. Kilimanjaro ni mrefu kuliko milima yote ya Afrika. Neno "mrefu" limekaa vile vile mara zote tatu. Kazi ya kulinganisha imefanywa na neno "kuliko", na pengine hufanywa na "kupita", "kushinda", "kuzidi" au "zaidi ya". Mwingereza yeye hulibadili neno lenyewe la sifa. Husema "high", kisha "higher", kisha "highest". Hivyo sifa ya Kiingereza ina madaraja matatu. Daraja la kwanza lasifu tu, bila kulinganisha. La pili lalinganisha viwili. La tatu lateua kimoja katika vingi.

Mkiyafahamu hayo mtajua makosa yetu yanatoka wapi. Mwanafunzi aandikapo "Mount Kenya is high than Meru", hakufanya uvivu. Ametafsiri Kiswahili neno kwa neno, akasahau kuwa "high" yataka kuongezwa mkia. Mwingine huandika "Kilimanjaro is the highest than all mountains". Huyo amekwisha fika daraja la tatu, lakini bado amelibeba "kuliko" lake mgongoni.

Mkia au neno la mbele

Kiingereza kina njia mbili za kupandisha sifa. Njia ya kwanza ni kuitia mkia, "-er" kwa daraja la pili na "-est" kwa daraja la tatu. Njia ya pili ni kuiacha sifa kama ilivyo, na kuweka mbele yake "more" au "most". Hatuchagui njia kwa kupenda. Twachagua kwa kuhesabu silabi.

Sifa yenye silabi moja hutiwa mkia: "tall, taller, tallest", "deep, deeper, deepest", "cold, colder, coldest". Sifa yenye silabi tatu au zaidi hupewa neno la mbele: "difficult, more difficult, most difficult", "intelligent, more intelligent, most intelligent". Hapo hapana taabu. Taabu iko kwenye silabi mbili, nayo nitaieleza punde.

Lakini kwanza nawatahadharisheni juu ya kuhesabu silabi. Sisi tumezoea kuzihesabu kwa macho, kwa sababu katika Kiswahili kila irabu iandikwayo hutamkwa. "Kata" ina irabu mbili na silabi mbili. Basi mtu akiona "large" au "brave" huhesabu irabu mbili, akadhani ni silabi mbili. Sivyo. Ile "e" ya mwisho haitamkwi, na kila moja ya sifa hizo ni ya silabi moja tu. Mwalimu alitufundisha kuweka mkono chini ya kidevu na kulitamka neno. Kidevu kikishuka mara moja, ni silabi moja. Kikishuka mara mbili, ni mbili. Jaribuni kwa "brave", kisha kwa "clever", mtaona.

Sasa silabi mbili. Zile zinazoishia kwa "-y" hutiwa mkia, na "y" hugeuka kuwa "i": "heavy, heavier, heaviest", "happy, happier, happiest". Zile zinazoishia kwa "-ow" na "-le" nazo hupenda mkia: "narrow, narrower, narrowest", "simple, simpler, simplest". Zile zinazoishia kwa "-ful", "-less", "-ous", "-ing" na "-ed" hutaka neno la mbele: "more useful", "more careless", "more famous", "more boring", "more tired". Ziko chache zinazokubali njia zote mbili, kama "polite", "common" na "clever". Mkiona shaka juu ya sifa ya silabi mbili isiyoishia kwa "-y", tumieni "more". Ni mara chache mtakosea.

Katika kuandika, angalieni mambo mawili. Sifa ikiisha kwa "e", twaongeza "-r" na "-st" tu: "large, larger, largest". Na sifa ya silabi moja ikiisha kwa irabu moja na konsonanti moja, konsonanti hiyo huandikwa mara mbili: "big, bigger, biggest", "hot, hotter, hottest", "thin, thinner, thinnest". Hilo si pambo. Konsonanti ya pili yailinda irabu fupi. Tazameni "later" na "latter". Neno la kwanza, lenye "t" moja, latoka kwa "late" na maana yake ni baadaye. La pili, lenye "t" mbili, maana yake ni hicho cha pili katika viwili vilivyotajwa. Herufi moja, maana mbili.

Asili ya njia hizo mbili

Nilipata kujiuliza, mbona Waingereza wajipe taabu ya njia mbili? Jibu limo katika historia yao. Mikia "-er" na "-est" ni ya asili yao ya kale, na hata Kijerumani, kilicho ndugu ya Kiingereza, kina mikia ya namna hiyo. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na katika karne zilizofuata maneno mengi ya Kifaransa na ya Kilatini yaliingia katika Kiingereza. Mengi yalikuwa marefu, kama "intelligent", na desturi ya kutumia "more" na "most" ikaenea katika karne hizo. Basi kwa jumla, sifa fupi za nyumbani hushika mkia, na sifa ndefu za ugenini huchukua neno la mbele.

Jambo hili lisitushangaze, kwa maana Kiswahili chetu hufanya mfano wa hayo. Sifa za asili ya Kibantu hukubaliana na jina: twasema kiti kirefu, viti virefu, mti mrefu, miti mirefu. Lakini sifa tulizozipokea kutoka Kiarabu hazibadiliki: twasema kiti safi, viti safi, kitu ghali, vitu ghali. Mgeni ajifunzaye Kiswahili hulalamikia jambo hilo kama sisi tulalamikiavyo "more" na "-er". Kila lugha humtendea mgeni wake hivyo.

Zile zisizofuata kanuni

Kuna sifa chache zilizo wakaidi, na hapana budi kuzihifadhi: "good, better, best", "bad, worse, worst", "little, less, least", "much" na "many, more, most", "far, farther, farthest", ambayo husemwa pia "further, furthest". Msitafute sababu ya "good" kugeuka kuwa "better". Ni maneno mawili ya mizizi mbalimbali yaliyokutana tangu kale yakafanya jamaa moja. Hata sisi, kutokana na kuja twasema "anakuja" na "alikuja", lakini tumwitapo mtu hatumwambii "kuja!" bali twamwambia "njoo!" Tulizaliwa tukaikuta hivyo, wala haitupi shida.

Hapa nataka kukiri jambo. Muhula uliopita kulikuwa na mdahalo bwaloni. Mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyetoka shule ya msingi ambako masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili, alisimama akasema kwa sauti nzuri, "Education is more better than wealth." Bwalo zima likaangua kicheko. Akajaribu kuendelea, akashindwa, akaketi. Kuanzia siku ile sikumsikia tena akinena mdahaloni mpaka tulipofunga shule. Nami nilikuwa mmoja wa waliocheka, mimi niliyepata sifuri kwa neno "least".

Baadaye nilipolifikiri kosa lake niliona kuwa alikuwa ametafsiri Kiswahili chake kwa uaminifu. Sisi twasema "bora zaidi" kila siku, wala hakuna anayecheka, kwa kuwa neno "bora" ni lile lile liwe peke yake au liwe na "zaidi". Lakini "better" tayari limebeba "zaidi" ndani yake. Kusema "more better" ni kuvaa kofia juu ya kofia. Ni hivyo hivyo kwa "more taller", "most biggest" na "more easier".

Tena mvulana yule angalijua, angaliweza kujitetea. Shakespeare mwenyewe, katika mchezo wa Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili ukapigwa chapa mwaka 1963, aliweka "most" na mkia "-est" juu ya sifa moja, kwa kutilia nguvu maneno ya Antony. Katika zama zake jambo hilo lilikubaliwa. Ni baadaye, katika karne ya 18, ndipo waandishi wa vitabu vya sarufi, kama Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762, walipolikataza, na leo ni kosa. Basi yule mwenzetu hakuwa mjinga. Alichelewa miaka mia nne tu.

Namna ya kuyatumia madaraja

Kujua maumbo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyatumia. Kwanza, daraja la pili hufuatwa na "than": "Unguja is larger than Pemba." Daraja la tatu halifuatwi na "than" kamwe. Hutanguliwa na "the", na hufuatwa na "in" tukitaja mahali, au "of" tukitaja kundi: "Lake Tanganyika is the deepest lake in Africa." "It is the deepest of them all." Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, hali Ziwa Viktoria, lililo kubwa kwa eneo kupita maziwa yote ya Afrika, halifikii hata mita 100. Basi mwaona, "largest" si "deepest". Mtu asemapo tu kuwa ziwa fulani ni "the biggest", muulizeni ni kubwa kwa jambo gani.

Pili, tukiwa na vitu viwili tu, twatumia daraja la pili, hata kama katika Kiswahili twasema "mkubwa wao". Kati ya ndugu wawili twasema "the taller of the two". "The tallest" yataka watatu au zaidi.

Tatu, maneno "one of the" hutaka jina la wingi. Semeni "one of the deepest lakes", wala si "one of the deepest lake". Na tukitaka kusema ya pili kwa kina, twaweka "second" mbele ya sifa: "Lake Tanganyika is the second deepest lake in the world." La kwanza ni Baikal, lililoko Urusi.

Nne, kitu kisilinganishwe na nafsi yake. Mkiandika "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa", mmesema Kilimanjaro ni mrefu kuliko Kilimanjaro, maana nao ni mlima wa Afrika. Neno moja laponya kosa hilo, nalo ni "other": "higher than any other mountain in Africa."

Tano, linganisheni vitu vya jinsi moja. Wengi wetu huandika katika Jiografia, "The climate of Lushoto is cooler than Tanga." Hapo tumelinganisha hali ya hewa na mji. Yafaa kusema, "The climate of Lushoto is cooler than that of Tanga." Neno "that" lasimama badala ya "the climate", kama vile Kiswahili kisemavyo "kuliko ile ya Tanga".

Sita, "very" hukaa na daraja la kwanza, wala haikai na daraja la pili. Twasema "very high", lakini hatusemi "very higher". Tukitaka kusema ni mrefu kwa mbali, twatumia "much" au "far": "Kilimanjaro is much higher than Meru." Na ni kweli, kwa kuwa Kilimanjaro una mita 5,895, hali Meru umezidi mita 4,500 kwa kiasi kidogo tu.

Saba, kuna maneno yaliyotoka Kilatini ambayo hayataki "than" bali hutaka "to". Nayo ni "senior", "junior", "superior" na "inferior". Twasema "He is senior to me." Vile vile "elder" husemwa juu ya ndugu wa nyumba moja, "my elder brother", lakini haliwekwi pamoja na "than". Hapo twasema "He is older than I am."

Nane, jihadharini na sentensi yenye maana mbili. "Juma likes football more than me" yaweza kumaanisha kuwa Juma aupenda mpira kuliko mimi niupendavyo, au kwamba aupenda mpira kuliko anipendavyo mimi. Kiswahili nacho kina mtego huo huo tukisema "Juma anapenda mpira kuliko mimi". Kuuondoa, maliza sentensi: "more than I do", au "more than he likes me".

Tisa, ziko sifa zisizo na madaraja kwa sababu ya maana yake. "Dead" ni mojawapo, kwa kuwa hakuna maiti aliyekufa kuliko mwenzake.

Kushuka na kulingana

Hadi hapa tumesema habari za kupanda. Sasa nirudi kwenye neno lililoniponza. Kama vile "more" na "most" hupandisha, ndivyo "less" na "least" hushusha. "Less dense" maana yake ni yenye uzito mdogo zaidi kwa ujazo ule ule, na "the least dense" ndiyo ya chini kabisa. Kiswahili hakina neno moja jepesi la kazi hiyo. Kwa kawaida twaigeuza sentensi na kutumia sifa iliyo kinyume. Badala ya kusema kitu hiki ni "less heavy", twasema ni chepesi kuliko kile. Kwa hiyo tuonapo "less" katika swali, akili zetu hulirukia neno la sifa na kuliacha dogo lililotangulia. Mtu akiulizwa "Which lake is less salty, Lake Victoria or Lake Natron?" huona "salty", akajibu Natron, hali Natron ndilo la magadi na chumvi nyingi. Dawa yake ni kupiga mstari chini ya "less" na "least" kabla ya kujibu. Mimi hufanya hivyo hata leo.

Kumbukeni pia kuwa vitu vinavyohesabika vina neno lao, "few, fewer, fewest". Twasema "less water" lakini "fewer books".

Ama kulingana, twatumia "as" mara mbili, na sifa hubaki daraja la kwanza: "as tall as". Tukikana twasema "Pemba is not as large as Unguja." Na tukitaka kusema mara mbili, twaweka "twice" mbele yake. Dhahabu, kwa mfano, yazidi chuma zaidi ya mara mbili: "Gold is more than twice as dense as iron." Msiandike "two times dense than".

Mwisho kuna ile sentensi ya "kadiri". Kiswahili husema, kadiri tupandavyo mlima ndivyo baridi izidivyo. Kiingereza hurudia "the" pamoja na daraja la pili: "The higher we climb, the colder it becomes." Sentensi hii yafaa sana katika masomo ya sayansi, ambako jambo moja lazidi kwa sababu ya jingine.

Jipimeni

Sahihisheni sentensi hizi tano kabla ya kutazama majibu. Ya kwanza: "My bed is more narrower than yours." Ya pili: "This is the most easy question." Ya tatu: "She is the cleverest than all." Ya nne: "Iron is very heavier than aluminium." Ya tano: "He is one of the best player in our school."

Haya ndiyo majibu. Ya kwanza: "narrower than yours", bila "more". Ya pili: "the easiest question". Ya tatu: "the cleverest of all". Ya nne: "much heavier than aluminium". Ya tano: "one of the best players". Aliyepata zote tano hana haja na makala yangu. Na aliyepata chini ya hapo asione haya, kwani nilipokuwa Kidato cha Pili nisingepata zaidi ya mbili.

Ndugu zangu, katika shule zetu Kiingereza si somo moja tu la ratiba. Ndicho mlango wa Fizikia, wa Jiografia, wa Historia na wa Bayolojia, na mtu aweza kuwa na mali nyumbani lakini akalala nje kwa kukosa ufunguo. Alama zangu nne hazikurudi. Lakini mwaweza kuziokoa zenu.

Jambo la mwisho ni juu ya vicheko. Kuuliza si ujinga, na kukosea mbele za watu si aibu. Aibu ni kumnyamazisha anayejifunza. Wiki ya kwanza ya muhula huu nilikwenda bwenini kwa yule mvulana wa mdahalo, nikamwomba radhi, nikamwazima daftari langu. Alilikaa nalo siku tatu. Aliporudisha aliniambia, "Kaka, ukurasa wa nne umeandika 'more quicker'." Nikatazama, nikakuta ni kweli. Tukacheka, safari hii sote wawili. Ameandikisha jina lake kwa mdahalo ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne